Joto Lililobaki kwa Baba

Mwezi uliopita ofisini tuligawiwa kompyuta mpya. Yangu ilikuwa bado imebandikwa ile karatasi laini juu ya kioo, nami nilichelewa kuibandua kwa sababu nilipenda ilivyong'aa. Kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imeshaanza kuchemka. Mwenzangu wa meza ya pili akaniambia niinyanyue, niiwekee kitu chini ipate hewa, kisha akaendelea na kazi zake. Harufu ilikuwa imeshanifikia, ile harufu ya plastiki inayopata moto pamoja na vumbi linaloungua taratibu huko ndani usikokuona. Niliifunga, nikatoka nje, nikasimama upande wa jengo unaotazama mabonde ya Ngara, upepo unanipiga usoni. Kama mtu angepita akaniuliza nina nini, ningeshindwa kumweleza kwamba nimemnusa baba yangu.

Tuliishi Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, katika nyumba ya mwalimu yenye baraza la saruji lililopasuka katikati. Baba alikuwa Mhangaza wa huku Ngara. Alipangiwa kufundisha shule ya msingi kule, akamkuta mama, Msubi wa Nyarubungo, wakaoana. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, sisi watoto tulikuzwa kwa Kiswahili, na baba alikuwa mkali kwa Kiswahili kuliko alivyokuwa mkali kwa jambo lingine lolote. Tulikuwa wawili: mimi, Editha, na mdogo wangu Novati, ambaye wakati huo bado alikuwa wa kubebwa. Mgongo wa mama ulikuwa wa Novati. Magoti ya baba yalikuwa yangu. Hakuna aliyekaa akatugawia hivyo, lakini kila mtu nyumbani alijua. Jioni baba akishatoka shule na kuoga, alikaa barazani kwenye kiti chake cha mbao, nami nilipanda magotini pake bila kuuliza, nikaegemeza mgongo kifuani mwake, tukatazama watu wakirudi kutoka mashambani na majembe begani.

Wakati huo baba alikuwa anasoma shahada kwa masafa. Vitabu vilimjia kwa basi vikiwa vimefungwa kwa karatasi ya kaki, kazi anaandika kwa mkono, kisha anazipeleka Biharamulo mjini kuchapishwa, na zikirudi zimejaa makosa ya mchapaji anazipeleka tena. Akachoka. Likizo moja akaenda Mwanza, akarudi na mfuko mweusi wenye zipu mbili, akauweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka kitu kipya kilivyoingia nyumbani siku zile. Redio ilishonewa kitambaa, deki ikashonewa kitambaa, hata simu ya mezani ya paroko tuliyoiona siku ya kipaimara ilikuwa na kitambaa chake. Mama hakukawia. Wiki haijaisha alikuwa ameifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye pindo la waridi, akaifunika kila upande. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali rozari kwetu, macho yalikuwa pale pale kwenye kile kitambaa, na mama akajifanya haoni.

Mimi nilisimama mlangoni, nikamuuliza baba kile kitu kinaitwaje.

"Watu wanaita laptopu," baba akasema. "Lakini Kiswahili chake sanifu ni kompyuta mpakato."

"Mpakato?"

"Kwa sababu inapakatwa. Inawekwa magotini hivi, mtu anafanya kazi."

Kupakata nilikujua. Mtoto ndiye anayepakatwa. Sikuwahi kusikia mtu akipakata sufuria au mfuko wa mahindi. Jioni ile baba alikaa kwenye kiti chake, akaifungua kompyuta magotini pake, uso wake ukapata mwanga wa bluu, nami nikabaki nimesimama na miguu yangu iliyokwisha kunawishwa, sina pa kwenda. Nikaelewa kwamba baba ameleta mtoto mwingine.

Ilikuwa mtoto mgonjwa, nalo hilo nililijua mapema. Haikukaa muda mrefu ikaanza kupata moto. Baba aliandika ukurasa, akaugusa ubavu wa kompyuta, akakunja uso, akaandika tena, na mara kioo kikawa cheusi chote na kazi aliyokuwa hajaihifadhi ikapotea. Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikaa tu akitazama kile kioo cheusi. Kisha akaiinua, akaiweka juu ya ukuta mfupi wa baraza ili upepo uipulize, akanitafuta kwa macho.

"Njoo, mama," akaniambia. "Mwenzako anapoa. Tukae kidogo."

Nikapanda. Magoti yake yalikuwa ya moto kupitia kitambaa cha suruali, moto mzuri, kama pale kwenye kiota kuku anapoinuka na wewe ukaingiza mkono chini kuchukua yai. Nilijikunja pale nikiwa nimefurahi moyoni, maana nilishaelewa utaratibu. Ikichemka, mimi napata nafasi. Ikipoa, naondoka.

Baba alianza kuihangaikia. Kitabu chake cha maelekezo kilisema isifunikwe na isiwekwe juu ya nguo, kwa hiyo kitambaa cha mama ndicho kilichoondoka kwanza, na mama akakirudisha kabatini. Haikusaidia. Akaiweka juu ya matofali mawili yaliyoachana katikati. Haikusaidia. Mama akalowesha kitambaa akataka kuifuta kama anavyomfuta Novati akipata homa, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia baba akisema "hapana" kwa nguvu. Wakacheka baadaye. Mwalimu mmoja aliyekuja na baiskeli kutoka shule ya jirani akashauri iwekwe juu ya kitu chenye matundu. Baba akaingia jikoni, akatoka na chekeche la mama la unga, akalipakata, akaiweka kompyuta juu yake.

"Na mimi unga wa ugali nitachekecha na nini?" mama akauliza.

"Nikimaliza sura hii."

"Hiyo sura inaisha lini, mwalimu?"

"Inategemea na huyu," baba akasema akiigonga kompyuta kwa kidole.

Mimi kazi yangu ikawa kupepea. Nilishika ungo kwa mikono miwili nikapepea upande ule wenye matundu madogo, baba akiniambia "vizuri, vizuri" bila kuinua macho. Nilipepea lakini si kwa moyo. Niliomba ichemke. Katika sala zetu za jioni, mama akishamaliza kuwaombea marehemu na mvua, kila mtu aliongeza lake kimyakimya, na langu lilikuwa hilo.

Ilichemka sana miezi ile. Na sasa nikikumbuka, kila jambo lililokuwa linatokea nyumbani kwetu lilikuwa limeshapata maelezo yake kabla mtu hajauliza. Baba alikohoa, lakini walimu wote wanakohoa, ni vumbi la chaki. Baba alikonda, lakini mtu anayesoma vitabu vile na kufundisha madarasa mawili atanenepa vipi. Shuka zake zililowa jasho, mama akazianika karibu kila asubuhi, na wanawake wa jumuiya waliokuwa wanapita kisimani wakamwambia ni mashine ile. Mtu hawezi kuweka jiko magotini kila jioni akabaki salama. Inakausha damu, walisema. Inaingiza joto ndani ya mifupa, usiku linatoka. Baba aliposikia akacheka, lakini sikumsikia akitoa maelezo mengine. Mara moja alipita zahanati akapewa dawa ya malaria, akameza, akasema anajisikia nafuu. Jioni homa ikarudi, na jioni ndiyo saa aliyokuwa anapakata kompyuta. Kwa hiyo hata mama, ambaye hakuwa mtu wa kuamini maneno ya kisimani, akaanza kuitazama ile kompyuta kwa jicho baya.

"Faida yake nini kama inakumaliza?" nilimsikia akisema.

"Ni mbovu tu. Nitaipeleka kwa fundi, itapoa, na mimi nitapoa."

Biharamulo mjini fundi aliyekuwepo alikuwa wa redio na simu. Baba akaamua kuipeleka Ngara, amwone na bibi kwa safari hiyo hiyo, akanichukua kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Nilifurahi mno. Baridi ya Ngara nilikuwa nimeisikia kwenye mazungumzo tu, na nikawaza kwamba kompyuta ikishalala usiku mmoja kwenye baridi ile, ugonjwa wake utaisha wenyewe.

Bibi alitupokea uani kwake, kwenye migomba, akamshika baba mikono yote miwili na hakuiachia. Alimtazama muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

"Umekauka, mwanangu."

"Masomo, mama."

"Masomo gani yanakula nyama ya mtu?" Akanigeukia, nikapiga goti nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauangalia ule mfuko mweusi. Baba alimweleza kwamba ndani mna mashine inayopata joto kupita kiasi. Bibi akasema, kwa Kiswahili chake ambacho hakikutofautisha sana le na re, "Basi muiache hapo nje, balidi ya huku itaipoza." Nikamwona bibi ni mtu mwenye akili kama mimi.

Usiku ule baba alijifunika mablanketi mawili na bado nilimsikia meno yakigongana. Nikadhani ni baridi ya Ngara.

Fundi alikuwa na kibanda karibu na stendi, mbele kumejaa bodaboda. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine akizipanga kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka, mimi nikishikilia ukingo wa meza, macho yangu sawa na kompyuta. Nilitarajia kuona kitu chekundu. Kulikuwa na vibati vidogo vidogo tu, na feni ndogo kuliko kiganja changu. Fundi akaisukuma kwa ncha ya bisibisi, ikazunguka kidogo ikasimama.

"Haijawahi kuzunguka hii," akasema. "Waya wake haukuchomekwa vizuri. Imetoka hivyo hivyo kiwandani."

"Tangu ikiwa mpya?"

"Tangu siku uliyoinunua, mwalimu. Ilikuwa haipumui."

Baba akacheka. Alicheka kwa utulivu wa mtu aliyeondolewa mzigo, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha, mpaka akalazimika kushika meza ya fundi kwa mkono mmoja na kuziba mdomo na leso kwa mwingine. Fundi alisubiri amalize, bisibisi mkononi. Baba alipotoa leso mdomoni aliikunja haraka akaitia mfukoni. Akauliza, "Sasa itapoa?" Fundi akasema itapoa.

Ikapoa kweli. Tuliporudi Nyantakara, jioni ya kwanza, baba aliiwasha, ndani yake kukasikika sauti nyembamba kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Hapakuwa na chekeche wala matofali. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, Novati kalala mgongoni. Mimi nilikaa chini kwenye ukingo wa baraza, nimeinamisha kichwa, nikihesabu hasara yangu. Baba akaandika na kuandika, kioo hakikuzimika. Jua lilishuka nyuma ya mihogo ya jirani na bado alikuwa anaandika. Nikaona maisha yangu ya magotini yamekwisha.

Hatimaye akachoka mwenyewe. Aliifunga, akaiweka kwenye stuli, akaegemea kiti na kufumba macho. Sikuitwa, lakini nilisogea. Kwanza nikaigusa kompyuta chini, kwa nyuma ya kiganja, namna mama anavyotupima homa. Ilikuwa baridi kama sahani. Kisha nikapanda kwa baba.

Alikuwa wa moto. Magoti, mapaja, kifua kilichogusa mgongo wangu, mikono iliyonizunguka, vyote vilikuwa vya moto kama siku zote na pengine kuzidi. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimeogopa kwamba fundi ameliondoa lile joto, kumbe limebaki. Kompyuta imenyang'anywa, baba ameachiwa. Nilikaa pale nikilifaidi kwa muda, pumzi ya baba inapanda na kushuka kwa haraka juu ya kichwa changu. Halafu nikateremka nikakimbia jikoni, maana habari njema haikai tumboni mwa mtoto.

"Mama, kompyuta imepona," nikasema. "Lakini joto lake limebaki kwa baba."

Mama alikuwa ameshika ndizi nusu imemenywa. Aliiweka chini pamoja na kisu. Kwa muda mrefu nilidhani ni maneno yangu ya kitoto yaliyomshangaza. Siku hizi nafikiri ilikuwa hivi: ile kompyuta ndiyo iliyokuwa jibu lake. Kila alipoanika shuka, kila alipokaza mkanda wa baba kwa kutoboa tundu jipya, jibu lilikuwa pale mezani, na mimi nilikuwa nimeingia jikoni kumwondolea.

Alitoka bila kunawa, utomvu wa ndizi mikononi. Nilimfuata. Akamwekea baba nyuma ya kiganja shingoni, kisha kwenye paji la uso, kisha akarudia shingoni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nini?"

"Tangu lini, Faustini?"

Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. Alikuwa mwalimu, au baba Editha. Baba akafumbua macho akamtazama, akatoa leso mfukoni, akampa. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyenieleza. Mama aliifungua leso, akaikunja tena, akakaa chini pale pale kwenye saruji, Novati akaamka na kulia.

Asubuhi walikwenda hospitali Biharamulo. Mama alirudi peke yake jioni ya kesho yake. Kifua kikuu, ndilo neno nililolisikia akimwambia mama mdogo aliyekuja kutoka Nyarubungo kukaa nasi, na kwa sababu ya lile "kikuu" nikafikiri ni ugonjwa wa watu wenye cheo, unaowapata walimu. Na sisi tulipelekwa kupimwa. Mimi sikukutwa na kitu. Novati naye hakukutwa na kitu, ila kwa udogo wake akaandikiwa vidonge vya kumkinga, na mama akavisaga kila siku kwenye uji. Daktari alimwambia mama kwamba dawa zipo na mgonjwa atapona, lakini pafu la upande mmoja limeshaliwa sana, na laiti wangekuja miezi ile ya mwanzo. Maneno hayo mama aliyarudia miaka mingi baadaye kwa sauti ile ile, kana kwamba daktari bado amekaa mbele yake. Miezi ile ya mwanzo sisi tulikuwa tunaipepea kompyuta.

Baba alikaa hospitali hadi mvua za vuli zikaanza. Siku aliyorudi nilimwona kutoka mbali akiteremka kwenye pikipiki, koti limekuwa kubwa kwake, nikakimbia. Alinyoosha mkono mbele, kiganja kimenielekea.

"Baki hapo hapo, mama."

Nikasimama. Sikulia. Alinitazama, akashusha mkono, akaingia ndani. Mama alinishika bega akanieleza kwa upole, na naamini alinieleza vizuri kadiri mtu anavyoweza kumweleza mtoto. Baba ana dawa, baba anapona, lakini kwa sasa usimsogelee mpaka daktari aseme.

Mpaka daktari aseme. Nililichukua agizo hilo kama lilivyo. Nilikuwa mtoto wa mwalimu, maagizo nilikuwa nayajua. Nikawa namngoja daktari. Nilijua atakuja na koti jeupe, pengine kwa gari, atasimama uani kwetu, na atasema. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilitoka kuliangalia. Baba alikaa kwenye benchi upande wake wa baraza na kikombe chake na sahani yake, mimi nikakaa kwenye ngazi ya mlango, tukazungumza hivyo, yeye kule, mimi huku. Akaniuliza habari za shule. Nikamjibu. Siku zingine alifungua kompyuta, akaiweka kwenye stuli na kuigeuza inielekee, akanionyesha picha za wanyama zilizokuwa ndani, akisema, "Unaona vizuri ukiwa huko?" Nikasema naona. Kumbe sikuwa naona kitu, mwanga wa jua ulikuwa unapiga kwenye kioo. Akasogea pembeni kwenye benchi, akaacha nafasi. Nikadhani anatafuta kivuli.

Daktari hakuja. Ukapita muhula, ukapita mwaka, nami nikawa nimezoea. Mazoea ya mtoto yanakuwa tabia bila mwenyewe kujua ni lini. Nikafika umri ambao msichana hakai tena magotini kwa baba yake, na suala likaisha kwa namna hiyo, kama mahindi yaliyopitwa na msimu.

Baba alipona, lakini sauti yake ya darasani haikurudi. Akisimama ubaoni dakika chache pumzi inakata, kwa hiyo mwalimu mkuu akampa kazi ya ofisini, kuandika ratiba na mitihani kwenye ile kompyuta ambayo sasa ilifanya kazi siku nzima bila shida. Shahada aliiacha. Alisema ataendelea mwakani, na mwakani akasema hivyo hivyo. Nilikwenda sekondari ya bweni, na nikiwa kidato cha tatu, msimu wa baridi, nikaitwa ofisini kwa mkuu wa shule nikamkuta mjomba amesimama na kofia mkononi. Ilikuwa nimonia. Kwa mtu mwenye mapafu mazima ingepita.

Tulimzika Ngara, kwao, na mimi nililia kwa heshima, namna mtu anavyomlilia baba aliyekuwa mwema kwake kutoka upande wa pili wa baraza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nina kazi na mtoto wangu mwenyewe, nilikwenda Nyarubungo kumsalimia mama. Tulikaa uani tunapukuchua maharage, na mwanangu alikuwa amejitupa mapajani kwa mama, mzito, analala. Mama akamwangalia akatabasamu.

"Huyu haogopi watu," akasema. "Wewe ulikuwa mwoga."

"Mimi?"

"Baba yako ulimwogopa tangu ule ugonjwa. Ilimuuma sana. Nikamwambia ni utoto, utaisha, asikulazimishe."

Niliacha kupukuchua. Nikamwambia, polepole, kwamba sikuwahi kumwogopa baba hata siku moja. Nilikuwa namsubiri daktari aseme.

Mama alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Daktari alisema," akajibu. "Alisema mapema tu, wiki chache baada ya kutoka hospitali. Akamwambia huna tena cha kuambukiza mtu, kaa na watoto wako. Baba yako alirudi kutoka kliniki siku hiyo amefurahi mno, hata chakula hakutaka. Akasema usimwambie Editha, acha nimshtukize. Akaoga, akavaa shati jeupe, akakaa barazani kungoja utoke shule."

Siku hiyo naikumbuka. Ninaikumbuka kwa sababu ya lile shati, maana haikuwa Jumapili. Nilikuja kwa njia ya nyuma ya shule na wenzangu, tukaachana penye mkaratusi, nikamwona baba amekaa wima kwenye kiti chake bila kitabu, bila kompyuta, mikono imelala magotini, ananitazama ninavyokuja. Nilipofika mwanzo wa baraza nikasimama mahali nilipofundishwa kusimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umefika?"

"Nimefika," nikasema, nikazunguka nyumba, nikaingilia mlango wa nyuma.